Ukuta Usio na Mlango

Huku Cusco, nyumba isiyo na ukuta wa mawe wa Kiinka, wa enzi za wafalme wa kale, ni kama haina ukoo. Saturnina alikuwa nao, na hakuacha kumkumbusha wifi yake Fortunata kila walipokutana uani.

"Haya mawe waliyaweka babu zangu, wifi. Wahispania wakaja wakajenga juu, tetemeko likaangusha ya Wahispania. Yangu yapo tu. Wewe na udongo wako vipi?"

Fortunata alichoka. Alitaka kufungua nyumba ya wageni kabla ya sikukuu ya Jua, ujane wake wote ulitegemea hapo, na mgeni gani avuke bahari aje kulala nyuma ya tope? Akamwita mwashi Leoncio, wakabomoa ukuta wa mbele, wakapanga mawe yaliyobanana hata wembe haupenyi. Mlango? Seremala alikuwa bado anachonga, tangu Pasaka. Basi wakaziba kote, wezi wasiingie. Tundu lingetobolewa baadaye. Kwa muda angepitia jikoni kwa wifi. Kisha Fortunata mwenyewe akapaka mawe masizi, kinyesi cha mnyama lama na pombe ya mahindi, mpaka yakazeeka miaka mia tano kwa wiki moja. Mambo hayo!

Siku Leoncio alipoinua patasi atoboe mlango, nani anapita? Afisa wa mambo ya kale.

"We! Unavunja urithi wa taifa?" Akapapasa jiwe, akalinusa, akafumba macho kwa raha. "Hii ni kazi ya mafundi wa mfalme. Haiguswi! Au kuna mtu kaujenga juzi, mama?"

Fortunata akafungua mdomo. Neno moja tu, na mlango angeupata. Lakini Saturnina, aliyesikiliza nyundo mwezi mzima, alikuwa pale pale anamenya viazi huku anatabasamu.

"Sema basi, wifi. Mwambie mheshimiwa nani kajenga."

Roho ilimuuma Fortunata, machozi yakamlenga.

"Babu zangu," akasema.

Kibao cha shaba cha urithi wa taifa kikapigiliwa upesi ajabu. Wageni wanakuja wengi tu. Wanapiga picha, wanauliza mlango uko wapi, wanakwenda kulala kwingine. Fortunata naye hurudi kutoka sokoni na mzigo wake mgongoni, akasimama nje ya jiko la wifi yake, akapiga hodi.

"Karibu, mgeni wangu," Saturnina humjibu. "Futa miguu."