Ushuhuda ya Itama ya Jessy

"Papa, kansere haina habari ya programme ya kanisa!"

"Usinipandishie sauti mu nyumba yangu! Diplôme umepata juzi tu, kazi hauna, na weye njo unataka kunifundisha?"

"Minye hapana docta, Papa. Minajua kuhesabu tu. Docta Hélène alisema sindano ya pili kisha siku kumi na ine. Siku ya kumi na ine ni leo."

Njo vile tulianza asubui, ata chai haijamwangwa.

Jessy, dada yangu mudogo wa myaka saba, alivimba itama, hapa ku shavu. Papa Symphorien, muntu wa akili mingi, akasema ni lino. Tukatosha lino, kungoa kabisa. Itama ikaongezeka. Tukatosha ya pili. Kidogo tu mutoto angebakia na kinywa ya kambo muzee, bila meno. Njo tukaenda Lubumbashi. Docta akakata kanyama, akapima, akasema: Burkitt. Kansere ya ma ganglions, zile tezi za mwili, bantu benye kuipata habako bengi, lakini inakomaa mbio kupita zote. Juu inakimbia vile, dawa nayo inaikamata mbio.

"Itama itashuka kwa juma moja," alitwambia. "Mutazania amepona. Hapana, itakuwa inajificha. Sindano sita, na zingine mu mugongo juu isipande ku kichwa. Musikate njiani."

Sindano moja, siku sita, itama fyaa! Na sifa yote ikaenda kwa Pasteur Barthélemy wa kanisa yetu. Sindano ilipigwa vendredi ku hôpital, yeye akamuwekea mukono dimanche ku ibada, siku mbili baadaye. Lakini vendredi haina chorale ya kuimba.

Sasa hii dimanche Jessy atasimama mbele kutoa ushuhuda, amevaa robe mweupe, na pasteur atachoma carnet ya hôpital. Njo desturi ku kanisa yetu: ukipona, makaratasi inaungua, bantu banapiga vigelegele. Carnet ilikuwa mu mufuko ya koti ya Papa, inangojea moto.

"Akipigwa sindano leo, dimanche atatapika ku madhabahu," Papa akasema. "Unataka Mungu apate haya?"

"Mungu anaona bantu banatapika tangu zamani. Atavumilia."

"Kurudia kule ni kusema Mungu ni mwongo!"

"Basi tumuachie amalize zile tano zenye kubakia."

"Dan, heshimu baba yako," Mama Blandine akasema. Alikuwa anasema ile tu tangu siku tatu.

Jessy alikuwa ku meza na mukate yake. Damu ikamushuka ku kidevu.

"Jessy, unajiluma!"

"Aa? Siskie kitu. Hii mudomo inalala tangu jana, Ya Dan." Akacheka.

Mama hakucheka. Docta alitwambia mi na yeye: mudomo ikilala, njo kansere inapanda ku kichwa, muniletee mutoto siku ile ile.

Mama akasimama, akaenda kwa Papa, akaingiza mukono mu mufuko ya koti, na yeye Papa mwenyewe ndani ya koti.

"Blandine!"

"Moto itapata karatasi ingine." Akanipatia carnet. "Muende. Bus ya Lubumbashi haingojee."

Papa akakaa. "Na mi nitasema nini ku kanisa?"

"Sema ukweli, Papa. Ile nayo haijapewaka nafasi mu programme."

Nikamushika Jessy mukono, mukate yake mu mukono ingine. Nikatoka, nikafunga mulango. Polepole. Kwetu habapigishe mulango ya baba kwa nguvu.