Jenerali Hapiki Nguruwe

Sufuria kubwa ya kikundi chetu inaitwa Jenerali. Aliyempa jina hilo ni marehemu Sajini Wahabi, mume wa Kulusum, siku tulipoileta mpya kutoka kwa mafundi wa Katwe na wanawake wanne wakawa wanahangaika kuishusha kwenye pikapu. Wahabi alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema mtu anayebebwa na watu wanne bila hata kusema asante lazima ni jenerali.

Sisi ni wanawake wa kambi ya jeshi, Makindye. Wako Waacholi, Walango, Wanubi, wa msikitini na wa kanisani, na Jenerali anapikia wote: harusi, ubatizo, Iddi, matanga. Sharti lake ni moja tu, nguruwe haingii. Mimi naitwa Santa, ni Mkatoliki, na nyama ya nguruwe naila vizuri sana nikipita Kabalagala, tena kwa pilipili. Lakini iishie huko huko. Ikiingia kwa Jenerali hata mara moja, nusu ya kambi haitakula tena chakula chetu, na watu wasiokula pamoja hawatazikana vizuri.

Jumamosi ile Jenerali alikuwa kwenye tamasha la muziki. Kesho yake ilikuwa arobaini ya Wahabi. Ndugu zake walikuwa wanakuja kutoka Bombo, na Kulusum hakutaka dua ya mumewe iwe na pilau yenye nyama ya kutafutwa kwa tochi. Kwa hiyo mimi na yeye tukaamua kwenda kuuza chakula tamashani siku moja, turudi na pesa za nyama ya kutosha, Jenerali aoshwe, na alfajiri apande tena motoni. Kulusum bado alikuwa edani, lakini shehe alimruhusu kutoka mchana kutafuta riziki.

Walitupanga nyuma kabisa, kando ya vyoo, penye ua wa mabati ulioachia tundu ambalo ng'ombe angepita bila kuinamisha pembe. Asubuhi nilimwonyesha Mukiibi, mwenye tamasha, tundu lile. Akasema litazibwa. Halikuzibwa. Walinzi wote, na koti zao zinazong'aa, walikuwa wamesimama mbele, kuzunguka jukwaa na makochi ya wageni wa heshima, kana kwamba makochi ndiyo yangekimbia.

Kabla ya saa sita Abalo, muuza chapati wa hema la pili, alikuwa ameibiwa mtungi wa gesi. Mzee Tarcisio, wa juisi ya miwa, alikuwa ametafuta simu yake mifukoni mpaka akachoka. Mimi nilimaliza kuuza maharage, nikamsugua Jenerali, nikamfunika nyuma ya hema akauke, nikaenda kumsaidia Kulusum na foleni ya sambusa. Niliporudi, palikuwa na duara la majani yaliyolala na hakuna Jenerali.

Nilienda mbele kwa mkuu wa walinzi. Nilimjua: Obita, mtoto wa marehemu Koplo Oola, amekulia kambini kwetu.

"Obita, wameiba Jenerali."

Akavua kofia. "Pole, mama. Lakini mimi wamenipanga hapa kwa steji. Huko nyuma hakuna mtu wamepanga."

"Na sisi anatulinda nani?"

"Boss amesema kila mtu nachunga yake."

Boss alikuwa hapo karibu, simu mbili mkononi. Nikamweleza kwamba sufuria ile si yangu peke yangu, kwamba kesho inapikia dua ya marehemu. Mukiibi alinisikiliza kwa sikio moja, lingine likiwa kwenye simu.

"Nyabo, mama, mimi naleta muziki," akasema. "Silindi sufulia. Mlisikia kwa maiki, kila mtu achunge vitu yake."

"Sawa," nikamwambia. "Naenda kuchunga."

Hasira yangu ina faida moja, hunipa miguu. Mimi na Kulusum tulipita hema kwa hema mpaka tukafika kwenye geti la makochi ya wageni. Kijana wa getini akanyoosha mkono kutuzuia, eti bila utepe wa mkononi hakuna kuingia. Nikamwambia nimeibiwa sufuria na utepe nitavaa nikishaipata, nikapita. Harufu nilikuwa nimeshaisikia. Pale nyuma ya makochi, juu ya mawe matatu na moto wa nguvu, Jenerali alikuwa amejaa nguruwe mpaka shingoni.

Mpishi, kijana mpole anayeitwa Saverio, alishtuka kuona wanawake wawili wakikitazama chakula chake kama maiti. Nikamwonyesha jina la kikundi lililopakwa rangi nyekundu chini ya mshikio. Akaweka mwiko chini.

"Mama, mimi nimenunua," akasema. "Kijana wa hapa hapa ameniuzia, ameleta na toroli, iko na utepe, iko na fulana ya kazi. Amesema ni ya kampuni."

Basi. Kumbe lile tundu la mabati lilikuwa linasingiziwa bure. Jenerali alitembezwa mchana kweupe katikati ya uwanja, akapita mbele ya kila koti linalong'aa, akaingizwa kwenye geti ambalo mimi nilizuiwa. Mtu anasukuma sufuria ya kupikia kambi nzima, na hakuna aliyemuuliza anaipeleka wapi.

Kulusum aliinama akashika mshikio wa moto, akauachia, akasimama akijipuliza vidole. Nililia mimi, na sioni haya kusema hivyo, maana nilikuwa nimemwahidi kwamba Jenerali atarudi salama.

Mukiibi alikuja mbio na sura ya furaha. "Si imepatikana? Mwaga, oshea, beba, nenda."

"Haiendi nyumbani hii," Kulusum akasema.

Labda shehe angesema inaoshwa hivi na vile. Lakini wazee wa Bombo huwezi kuwapakulia pilau na maelezo kwenye sahani moja. Wangenawa mikono, wangesoma dua, wangeaga, na chakula cha arobaini ya Wahabi kingebaki kwenye sinia.

Mukiibi akatoa noti mfukoni. Nikamwambia noti haipiki pilau, na kesho mafundi wa Katwe hawafungui. Leo bado wako kazini. Atume gari lake liende likalete sufuria ya ukubwa ule ule, mpya, isiyojua nguruwe.

"Baada ya shoo," akasema.

"Kabla," nikasema.

Alicheka, akaenda zake. Sasa, jukwaa lile lilikuwa na ngazi moja tu ya kupandia, upande wa kushoto. Nilimshika Kulusum mkono tukaenda tukakaa kwenye ngazi ile, mimi kidato cha chini, yeye cha pili. Nami nina mwili wa kutosha, nikikaa mahali pamekaliwa. Abalo akaja akauliza tunafanya nini. Nikamweleza. Akajifuta unga mikononi, akakaa. Mzee Tarcisio akaja na stuli yake, akaiweka mbele yetu kabisa. Wachuuzi wengine wakaacha hema zao, kwani kuzichunga kumewasaidia nini, wakaja mmoja mmoja mpaka ngazi haikuonekana.

Msanii mkubwa alikuwa tayari ndani ya gari lake, vioo vyeusi, injini inanguruma. Watu uwanjani walianza kupiga miluzi. Mukiibi alirudi, safari hii bila kicheko.

"Obita, toa hawa."

Obita alikuja na vijana wake nyuma yake. Alisimama mbele ya Tarcisio, akanitazama juu ya kichwa cha mzee. Wale vijana wangetubeba kama magunia na hakuna ambaye angewauliza.

"Obita," nikamwambia, "baba yako alipofariki, waombolezaji walikuja kutoka Kitgum mabasi mazima. Walikula kwa Jenerali. Wewe ulikataa kula, nikakulisha kwa mkono wangu. Sasa nitoe. Anza na mimi."

Uso wa Obita ulikuwa wa mtu anayetafakari kodi ya nyumba, na sikumlaumu. Kisha akageuka. Akatupa mgongo, akatanua miguu, akatazama nje, kama mlinzi asimamavyo akiwa na kitu cha kulinda. Vijana wake walitazamana, wakageuka vile vile.

"Wewe umelogwa?" Mukiibi akauliza. "Nakufukuza leo."

"Boss, umesema nalinda steji," Obita akajibu. "Si ndiyo nalinda."

Habari ikatembea uwanjani, na kama kawaida ya habari ilinenepa njiani. Nilisikia mmoja akisema wamama wa jeshi wameibiwa sufuria ya kupikia maiti. Lakini kiini kilifika salama, kwa sababu punde tukasikia kundi la mbele likiimba, kwanza kwa mzaha, halafu kwa nguvu, "Su-fu-ria, su-fu-ria." Msanii alishusha kioo kidogo kuuliza kama huo ni wimbo wake. Mukiibi alitazama uwanja, akatazama simu zilizoinuliwa kumpiga picha, akamwita dereva.

Gari lilirudi kutoka Katwe jua likiwa bado juu ya mabati, sufuria imefungwa juu ya paa kwa kamba. Kulusum aliigonga kwa kidole, akaizungusha, akainusa ndani, akaipitisha mkono mpaka chini kama mtu anayenunua kitambaa cha harusi. Kisha akanitazama na kutikisa kichwa kukubali. Wahabi alikuwa amepata pilau yake.

"Haya," Mukiibi akasema, jasho likimtoka. "Umepata. Toka sasa, nyabo, watu nangoja."

Nikasimama. Nikamwambia Kulusum atangulie nyumbani aloweke mchele, na Obita akatoa vijana wawili wa kumpakilia sufuria kwenye pikapu tuliyokuja nayo. Nilishika mfuko wangu, nikashuka hatua moja. Ndipo nikageuka kumuaga Abalo.

Abalo hakuwa amesimama. Alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani, akiniangalia nikienda. Jumatatu hana moto wa kupikia chapati, na chapati ndizo zinazowasomesha watoto wake. Mtungi wake uliibwa kabla ya sufuria yangu, na hakuna aliyeuimbia. Alikuwa amekaa muda wote huo kwa ajili ya kitu changu, na hakuniomba chochote.

Nikarudi nikakaa kidato changu.

"Wewe si umepata yako?" Mukiibi akauliza.

"Yangu nimepata," nikamwambia. "Anza na mtungi wa gesi wa huyu dada. Halafu simu ya mzee."