Gaikwad Wawili wa Toleo la Saba

Sulabha Hirlekar alikuwa hashauriki. Ile programu ya kumbukumbu za wachangiaji katika benki ya damu mjini Solapur ilikuwa imeshatoka matoleo tisa, na mkurugenzi alimwachia yeye achague moja la kudumu nalo. Akachagua la saba. Jepesi, halafu likiona mtu kaandikwa mara mbili, jina lile lile na tarehe ya kuzaliwa ile ile, linamuunganisha lenyewe bila kuuliza. Mzee Dattaram, karani wa miaka thelathini, alitaka la nne, linalouliza kwanza. Sulabha akamwambia la nne linajikokota kama yeye. Ofisi nzima ikacheka.

Jumanne asubuhi hospitali ikapiga simu. Kuna mama amejifungua, anavuja damu, na damu yake ni ile adimu ya kundi la Bombay, hapokei nyingine. Toleo la saba likamtoa mchangiaji kufumba na kufumbua: Vithal Gaikwad. Akaitwa, akaja mbio, akapimwa. Loo! Damu yake O ya kawaida, kama ya nusu ya mtaa.

"Haiwezekani," Sulabha akasema. "Kompyuta inasema ni Bombay."

Mzee Dattaram akauliza mtu huyo kazaliwa lini. Akajibiwa, tarehe moja Juni. Mzee akashika kichwa.

"Binti yangu, sisi wa vijijini nani aliijua siku yake? Mwalimu alituandika wote tarehe moja Juni ili tuanze shule. Mwaka nao alikisia tu."

Hapo Sulabha akaelewa. Gaikwad wawili wamefanywa mmoja, damu ya huyu na simu ya yule. Akafungua orodha ya zamani, akalinganisha. Watu mia nne na kumi na wawili wamemezwa, wengine wamepachikwa kundi la damu lisilo lao.

Mzee hakungoja. Gaikwad wa pili alimjua kwa sura, muuza pilipili sokoni. Akaenda, akarudi naye kwenye riksho, akatolewa damu, na yule mama akapona.

Kesho yake mume wa yule mama akaleta peda, vile vitamutamu vya maziwa. Alikuwa ameambiwa mashine mpya ndiyo iliyompata mchangiaji. Akaweka ya kwanza mbele ya kompyuta, akaunganisha viganja, akainama. Sulabha alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaichukua ile peda, akamlisha Mzee Dattaram kwa mkono wake mwenyewe, ofisi nzima ikitazama.

"Aliyempata mchangiaji ni huyu," akasema. "Mimi na hiyo mashine tulimfuta."