Mstari wa Bi Mchoro

Karakana nzima huniita Bi Mchoro, na jina hilo nililipenda. Kazi yangu ni hesabu. Mashine ya kumpa mgonjwa oksijeni ikizima kwenye majaribio, mafundi hutengeneza kilichoharibika na kuiwasha tena, nami hupima inakaa muda gani kabla ya kuzima tena. Muda ukizidi kurefuka, mstari wangu hupanda, na mstari ukipanda nasema mashine imekomaa. Mstari wa mashine hii ulipanda mpaka mkuu wa karakana akaubandika mlangoni. Akapanga na siku ya kuweka sahihi, mashine ziende hospitalini.

Kwa kuvimba kichwa, nilikuwa nimempelekea baba mkwe, anayeugua mapafu, mashine moja nyumbani kwake. Asubuhi ya siku ya sahihi nikapita kumjulia hali kabla ya kazi.

"Karibu mwanangu," mama mkwe akanipokea. "Wiki nzima haijazima hata mara moja!"

Nikajiona mimi ndiye mimi. Baba mkwe alikuwa amelala, mrija puani. Mara mashine ikaanza kukoroma. Kabla sijafikiri, mkono wangu ukaenda wenyewe, nikaipiga kofi ubavuni. Ikatulia.

"Kumbe na wewe unajua!" Mama mkwe akacheka. "Ikikoroma, kofi. Usipoiwahi, inazima."

Nikautazama mkono wangu. Karakanani, kila apitaye huipiga kofi: mafundi, mlinzi, mkuu, mimi. "Isalimie," tunataniana. Hakuna aliyeuhesabu mkoromo kuwa kasoro, maana mashine haikuwa imezima. Mashine haikukomaa hata kidogo. Tuliokomaa ni sisi, na mimi nilikuwa nikichora wepesi wa mikono yetu.

"Na usiku, mama, nani anaipiga?"

"Nani tena?" Akaonyesha kiti kando ya kitanda. Macho yake yalikuwa mekundu, kiganja kimevimba. "Usijali. Nilisema nisikusumbue, wasije wakakucheka kazini."

Sikujua uso niuweke wapi. Mumewe alikuwa akipumua kwa makofi yake, na bado mama alikuwa akinisitiri mimi. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka.

Nikamfungulia baba mkwe mtungi wa oksijeni wa akiba uliokuwa pembeni, nikahakikisha anapumua vizuri, nikazima mashine, nikampigia mkuu.

"Usiweke sahihi. Na ule mstari wangu ubandue mlangoni."

"Vipi, Bi Mchoro? Imezima?"

"Haijazima," nikasema. "Hapo ndipo penye aibu yangu."

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshasinzia kitini, mkono bado uko ubavuni mwa mashine.