Kiambatisho cha Pili

Waliohudhuria kikao cha Jumanne, saa tatu asubuhi, katika chumba cha mikutano cha hospitali, walikuwa hawa: Mganga Mkuu, aliyekuwa mwenyekiti, Mwanasheria wa hospitali, Afisa Habari, ambaye pia ni mwandishi wa muhtasari na msimamizi wa tovuti, Muuguzi Kiongozi wa kitengo cha macho, mimi, mwalimu wa lugha, kwa mwaliko, na Shangazi yangu, bila mwaliko. Hakuna aliyetoa udhuru. Afisa Habari aliliandika jambo hilo kwa wino mwekundu, kwa kuwa lilikuwa halijawahi kutokea.

Ajenda ilikuwa moja: kuboresha lugha ya ukurasa wa tovuti wenye maelekezo kwa wagonjwa wa upasuaji wa macho. Barua ya mwaliko ilinitaka "kuupa ukurasa huo hadhi inayostahili." Nimefundisha kwa miaka ishirini na sita, na maombi ya namna hiyo nayafahamu. Mtu anakuletea shati lililochanika mgongoni, kisha anakuomba ulipige pasi.

Shangazi nilikuja naye kwa sababu mbili. Kwanza, hajazaliwa wa kumzuia kwenda anakotaka. Pili, ukurasa huo ulikuwa umeshamrudisha nyumbani mara mbili.

Yeye ni fundi cherehani. Nusu ya wanafunzi wangu wamepita darasani kwangu wakiwa ndani ya sare alizoshona yeye. Mtoto wa jicho alimwanzia jicho la kulia, akahamia la kushoto, na sasa ni mwaka mzima cherehani imefunikwa shuka sebuleni, naye kila akipita huipapasa kama anavyopapaswa mgonjwa aliyelala. Daktari wa kumpasua hakai katika hospitali yetu. Huja siku moja kila baada ya miezi minne. Mara ya kwanza Shangazi alirudishwa mlangoni kwa sababu alikuwa amekunywa chai. Mara ya pili hakunywa chai, hakunywa maji, wala hakumeza dawa yake ya presha. Presha ikapanda, akarudishwa tena, na sababu ikaandikwa kwenye kadi kwa mwandiko ambao hata mimi, msahihishaji wa madaftari ya kidato cha kwanza, sikuweza kuusoma. Tulipokwenda kuuliza dirishani, tulijibiwa kwa upole mkubwa: "Maelekezo yote yapo kwenye tovuti."

Mara ya tatu alikuwa amepangiwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo ya kikao. Akirudishwa tena, ingekuwa miezi mingine minne ya kupapasa cherehani.

Mganga Mkuu alifungua kikao kwa kutushukuru kwa muda wetu, kisha akautumia. Alizungumza juu ya hospitali ya kisasa, dunia ya kisasa na mgonjwa wa kisasa. Ukurasa ulikuwa umeangazwa ukutani, na juu yake picha ya Mganga Mkuu akikata utepe. Mwanasheria, aliyeuandika, aliombwa atusomee. Aliinuka. Alisoma kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe:

"Kwa mujibu wa taratibu za utoaji wa huduma za upasuaji, mgonjwa mtarajiwa anaelekezwa kujiepusha na matumizi ya vitu vyovyote vya kumezwa katika kipindi kilichobainishwa katika Kiambatisho cha Pili, isipokuwa vile vilivyoruhusiwa humo, na atakayekiuka maelekezo haya atahesabika kuwa ameahirisha huduma kwa hiari yake."

"Kwa hiari yangu!" alisema Shangazi.

"Mama, karibu sana," alisema Mganga Mkuu, "ila hapa tuko kikaoni."

"Nakisikia, mwanangu. Endeleeni tu. Mimi hata nikiwakodolea macho, siwaoni."

Nilipopewa nafasi, niliomba kwamba kabla ya kuupa ukurasa hadhi yoyote tuujaribu kwa msomaji. Wote walikubali haraka, kwa kuwa walidhani msomaji ni mimi. Nikamgeukia Shangazi.

Binamu yangu, bintiye, alikuwa ameitengeneza simu ya mama yake iwe inamsomea kwa sauti. Shangazi huiita sauti ile Bi Simu, na huizungumzia kama jirani mwenye maneno mengi lakini mkweli. Bi Simu humsomea habari, salamu za ukoo na bei za vitambaa. Shangazi aliiweka simu mezani, akaigusa, nasi tukasikiliza.

"Hospitali," alisema Bi Simu kwa furaha. "Picha. Picha. Picha. Bofya hapa. Bofya hapa. Bofya hapa. Picha. Mwisho wa ukurasa."

"Mnaona?" alisema Shangazi. "Nyumbani mwenzenu hanyamazi mpaka nimnyamazishe. Akifika kwenu tu, kigugumizi."

Afisa Habari aliona haya kwa niaba ya simu. Alitueleza, kwa subira, utaratibu wa ofisi. Tangazo huandikwa kwenye kompyuta. Kisha huchapishwa kwenye karatasi. Kisha hutiwa saini, hupigwa muhuri, hupigwa picha, na picha hiyo ndiyo inayowekwa kwenye tovuti. "Lisipokuwa na muhuri," alisema, "linakuwa tangazo au umbea?"

Muhuri ulionekana vizuri ukutani. Ulikuwa wa zambarau, umekolea, na kati ya vyote vilivyokuwa kwenye ukurasa ule ndio pekee uliosomeka kutoka mlangoni.

Nilieleza, nami kwa subira, kwamba simu husoma herufi zilizoandikwa, haisomi picha. Kwamba kwa Bi Simu, picha ya tangazo na picha ya ng'ombe ni kitu kimoja. Nikaongeza kwamba msomaji asiyeona, anapoambiwa "bofya hapa" mara tatu bila kuambiwa kuna nini hapo, ni kama mgeni aliyeonyeshwa milango mitatu na kuambiwa achague wa choo ni upi.

"Kwa heshima zote, Mwalimu," alisema Mwanasheria, "hao wasioona si wana ndugu? Wasomewe."

Hapo ndipo nilipokuwa nikipaogopa tangu asubuhi.

"Wanao," nilisema. "Wa huyu ni mimi. Ukurasa huu nilimsomea mara tatu kabla ya safari ya pili. 'Vitu vyovyote vya kumezwa.' Nikamwambia asimeze chochote, hata dawa."

Muuguzi, ambaye hadi wakati huo alikuwa akichora mistari pembezoni mwa daftari lake, aliinua uso. Lakini aliyenijibu ni Mwanasheria.

"Ulisoma nusu. Imeandikwa wazi kabisa: isipokuwa vile vilivyoruhusiwa katika Kiambatisho cha Pili."

"Ndiyo," nilisema. "Naomba nikione."

Ombi hilo lilipokelewa vizuri. Afisa Habari alibofya "bofya hapa" ya kwanza, ikatupeleka kwenye Mganga Mkuu na utepe. Akabofya ya pili, ikaturudisha tulikotoka. Ya tatu ilifikiri kwa muda mrefu, kisha nayo ikatuletea utepe.

"Kiko kwa Muuguzi," alisema Mwanasheria.

"Sijawahi kukiona," alisema Muuguzi. "Nilijua kiko Habari."

"Habari tunaweka tunacholetewa," alisema Afisa Habari. "Mimi nilijua kiko kwenye faili la Mwenyekiti."

Mganga Mkuu aliagiza faili. Lilikuwa nene, limefungwa kwa utepe, jambo ambalo halikunishangaza. Ndani yake kulikuwa na ukurasa wa kwanza wa maelekezo, ukurasa wa pili wenye saini, na baada yake muhtasari wa kikao kingine kuhusu maegesho ya magari. Mganga Mkuu alizipekua kurasa za maegesho moja baada ya nyingine, kwa matumaini.

"Nilitia saini," alisema hatimaye, "nikijua kimeambatishwa."

"Mimi nilikitaja," alisema Mwanasheria, "nikijua kitaandikwa."

Kwa miaka mitatu tangu saini ile, basi, hospitali nzima ilikuwa ikiwaelekeza wagonjwa wake kwenye karatasi ambayo haikuwahi kuwepo, kwa saini na muhuri. Nilitazama chini ili nisionekane nikitabasamu. Ninawakataza wanafunzi wangu kuwacheka wenzao.

"Sawa," alisema Mganga Mkuu, akilifunga faili. "Tusipoteze muda. Mgonjwa anatakiwa aache kula tangu saa ngapi?"

"Ndani ya kipindi kinachofaa," alisema Mwanasheria.

"Siku nzima?" alisema Afisa Habari.

"Mimi ni daktari wa mifupa," alisema Mganga Mkuu.

Wote wakamgeukia Muuguzi. Aliweka kalamu chini. Alisema bila kuinuka, bila kupaza sauti, kama mtu anayetaja jina la mtaa wake:

"Usiku wa kuamkia upasuaji, kula chakula chako kama kawaida. Ikifika saa nne usiku, acha kula. Usinywe chai wala maziwa. Asubuhi, meza dawa yako ya presha kwa maji kidogo. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani."

"Nimeze?" aliuliza Shangazi.

"Meza, mama. Usipomeza, presha inapanda. Ikipanda, daktari hakugusi."

Shangazi aligeuza uso kunielekea. Tangu nizaliwe ameniita mwanangu. Hata siku nilipohitimu chuo, mbele ya wakufunzi, aliniita mwanangu.

"Mwalimu," alisema. "Ulinisomea nini?"

Niligeukia ukuta, nikausoma tena ukurasa ule, mstari kwa mstari.

"Safari hii nilikuwa nimejipanga," aliendelea, sasa akiwaambia wote. "Nianze kufunga Jumatano mchana. Nisile, nisinywe, nisimeze mate yakiwezekana. Ili mlangoni wasipate pa kunishikia. Na dawa ningeiacha kabatini palepale."

Mganga Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Dada," alimwambia Muuguzi, "haya maneno mbona hukuyaandika?"

"Sikuulizwa, Daktari. Barua ilikuja kwangu kama nakala kwa taarifa, nikataarifika. Ila sijawahi kuyanyima watu. Kila siku ya upasuaji nayasema mlangoni, saa moja asubuhi, kwa watu walioshakunywa chai."

Mtu angedhani kazi imekwisha. Nilichosahau ni kwamba Mwanasheria alikuwa bado hajaumia vya kutosha.

"Sipingi," alisema. "Ila sentensi hizi haziikingi hospitali. Hazina 'kwa mujibu.' Hazina 'tajwa.' Ziko uchi. Mtu yeyote anaweza kuzielewa."

"Ndiyo," nilisema.

"Hata asiyesoma sana."

"Ndiyo."

"Na akizielewa, akazifuata kama zilivyo, halafu?"

"Atapasuliwa," alisema Muuguzi.

Mganga Mkuu aliinua viganja viwili, ishara ya mtu anayetenganisha wagombanao. Alisema hoja zote ni nzito. Alipendekeza kamati ndogo: Mwanasheria mwenyekiti, Afisa Habari katibu, Mwalimu mjumbe, ilete rasimu mwishoni mwa mwezi ujao. Mwanasheria alisema anaunga mkono. Afisa Habari alianza kuandika kwa ile kalamu ya wino mwekundu.

Nimejifunza darasani kwamba mtu aliyeshika kalamu huacha anachoandika ukimpa kingine cha kuandika. Nilimwomba Afisa Habari, kabla ya kamati, ayachape kwanza maneno ya Muuguzi, kama yalivyotoka mdomoni, kwenye ukurasa wa majaribio ambao haukuwa na picha wala utepe. Alimtazama Mganga Mkuu. Mganga Mkuu hakukataza. Ilichukua dakika mbili. Kichwa cha habari kilikuwa: "Ujiandae vipi kwa upasuaji wa jicho." Nikaufungua kwenye simu ya Shangazi, naye akaigusa.

Bi Simu alisoma yote, mstari kwa mstari, hadi mwisho. Hakukwama popote. Shangazi aliitikia kila sentensi kwa kichwa, kisha akairudia yote kwa mdomo wake, saa nne usiku, chai, maziwa, dawa, maji kidogo, mtu wa kunirudisha, huku akihesabu kwa vidole vyenye alama za sindano.

"Haya," alisema, akiirudisha simu kwenye pochi. "Kamati ikimaliza kazi yake, mnisalimie. Mimi nimeshasikia, kwa sababu nimeingia bila kualikwa. Alhamisi mnapasua watu wangapi?"

"Kumi na wanne," alisema Muuguzi. "Safari iliyopita waliandikwa kumi na wanne vilevile. Sita niliwarudisha."

"Basi waalikeni hao kumi na watatu waliobaki," alisema Shangazi. "Viti vipo?"

Mganga Mkuu alitazama ukutani, kwenye saini yake mwenyewe, kubwa, yenye mkia unaopita chini ya muhuri. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikutana wapi na mwenye mwandiko ule. Kisha akamuuliza Muuguzi, kwa sauti ya chini, hao sita walisema nini waliporudishwa.

"Hawasemi kitu, Daktari. Wanaomba msamaha."

Mganga Mkuu alisimama. Aliifunga kalamu yake, akaiweka mfukoni, na akatutangazia uamuzi:

"Kamati hakuna. Maneno ya Muuguzi yanawekwa kwenye tovuti sasa hivi, kwa herufi, bila picha yangu, bila muhuri. Na kabla ya saa sita Afisa Habari awe amewapigia simu wote kumi na wanne na kuwasomea. Na kuanzia Alhamisi, mgonjwa atakayefika ameshakunywa chai kwa sababu ya maandishi yetu, Muuguzi asimrudishe. Atarudishwa na sisi tulioyaandika na kuyatia saini. Mwanasheria, utakuwa pale mlangoni saa moja kamili asubuhi. Utasimama upande wa kushoto. Upande wa kulia nitasimama mimi."