Mkanda Wenye Uzi Mwekundu

Siku ya pili baada ya kutolewa kizazi, fundi cherehani wa hospitali aliambiwa ashuke kitandani, atembee hadi dirishani. Kwa safari hiyo mgonjwa hufungwa mkanda mpana tumboni, ushike mshono. Mikanda yote ya wodi ile alishona yeye. Wake aliushona kwa vipimo vyake, akautia uzi mwekundu ukingoni, kisha akaupeleka stoo pamoja na mingine, maana hakuna kitu kinachoingia wodini bila kupita stoo.

Nesi aliyetumwa stoo alirudi mikono mitupu. "Mtunza stoo anasema imeisha."

"Imeisha vipi? Nimempelekea arobaini juzi tu."

Nesi akajifanya anapanga dawa. Hospitali nzima ilijua kwamba siku hizi mtunza stoo na rafiki zake hawana vitambi.

Fundi alishuka hivyo hivyo, hasira zimemjaa, akakohoa. Hakuumia. Aliyeumia ni mtunza stoo, huko chini, mkanda wenye uzi mwekundu ukiwa ndani ya shati lake. Maumivu yalikuwa yamefuata mkanda. Habari ilifika na mama wa usafi, ambaye aliendelea kupiga deki.

"Bwana stoo amejikunja juu ya boksi la glavu."

Fundi akakohoa tena, safari hii makusudi. Mama wa usafi akaenda kuchungulia, akarudi. "Sasa yuko sakafuni."

"Afadhali," alisema fundi, na moyo wake ukapoa kidogo.

Kitanda cha pili alilala binti aliyepasuliwa siku ile ile. Alikuwa amejifunga shuka, lakini kila akiinuka lilifunguka, naye akarudi kulala. Daktari alishamwonya kwamba asipotembea damu itaganda miguuni. Fundi alimwomba amsimulie vichekesho. Binti alisimulia huku akishikilia tumbo lake mwenyewe, asicheke. Fundi alicheka kwa wote wawili, asubuhi na jioni, siku tatu.

Mtunza stoo hakuwaza kuvua mkanda. Ulikuwa unampendeza.

Siku ya nne alilazwa, chumba cha peke yake. Daktari alimpapasa juu ya ule mkanda, akaona unalegea, akamwandikia wa pili. Ulipatikana saa hiyo hiyo, mpya, ukiwa bado kwenye mfuko wa nailoni.

Mama wa usafi alileta habari hizo. Binti alikaza fundo la shuka lake.

"Dada, kwa hiyo mikanda ipo?" alimuuliza fundi.

"Ipo, mwanangu. Hata sisi tupo."

Fundi alimshika kiunoni kwa mikono miwili, wakaenda hatua saba. Ya nane shuka likaanguka, akamrudisha kitandani. Kisha akachomoa uzi kwenye ukingo wa shuka, akauviringisha vizuri, akauingiza puani, akasubiri chafya.