Nukta Mbili Nilizoongeza

Watu wa hapa wakiona rangi nyekundu ukutani wanajua nyumba hiyo imekwisha. Wakubwa wakitaka kubomoa, wanamtuma mtu na kopo la rangi, anapiga msalaba mwekundu mlangoni, na baada ya wiki mashine inakuja. Nimekua nikiiona misalaba hiyo. Basi mtu asiniulize kwa nini nilifikiri vile nilivyofikiri. Au aniulize tu, nimechoka kujitetea.

Jina langu Syntiche. Ninachora kwa kompyuta katika duka la Patron Muhindo, mtaani Makomeno. Muhindo ni mtu wa Butembo, mashariki mwa nchi, na zamani duka hilo lilikuwa depo, ghala la maharage na sabuni. Mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, njia zake za mashariki zilikatika. Lori moja lilichomwa, lingine halikurudi, wala dereva wake. Muhindo akauza rafu zote, akanunua mashine kubwa ya kuchapa, akaniajiri mimi.

"Bantu habakosi kufa, na habakosi kugombana juu ya parcelle," aliniambia. "Tutachapa ma-photo ya matanga na ma-plan."

Hakukosea. Kazi ya picha za matanga na ramani za viwanja ilijaa.

Mwezi wa sita akaja Floribert, mpima ardhi. Kampuni moja changa ya shaba ilimtuma apime kijiji cha Kamalenge, nyuma ya barabara ya Kinsevere. Mgodi wa Kinsevere hauhusiki hapa. Hii ilikuwa kampuni nyingine, ndogo, yenye haraka ya kula. Alileta namba zake za GPS na picha ya kijiji iliyopigwa kutoka juu. Kazi yangu ilikuwa kuweka nukta juu ya picha, kuziunganisha moja moja mpaka umbo lifunge, kisha kulijaza rangi nyekundu nyepesi ili mapaa yaonekane chini yake. Nukta kumi na saba.

"Maelezo ya ma-couleur nitaweka miye mwenyewe," alisema. "Weye chora tu."

Nikachora tu. Sikuuliza maana ya rangi, kwa sababu nilidhani naijua.

Kamalenge ndiko alikoishi mama yangu mkubwa, Victorine, dada wa mama, aliyenilea tangu mama alipofariki, nami humwita Mama. Nyumba aliijenga na marehemu mume wake, Anaclet, mtu wa reli, mwana wa mtu wa reli, ukoo uliotoka Kabalo. Paa lake nililitambua mara moja: nusu bati la bluu, nusu kutu. Lilikuwa ndani ya wekundu, pembeni kabisa. Jioni ile ile Mama akanipigia simu.

"Banasema ba kampuni banakuya," alisema. "Miye nikufe mu nyumba ya Anaclet, nisikufe ku barabara. Weye njo uko unachora, mwana yangu. Hauwezi kufanya kitu?"

Kesho yake nilifanya. Muhindo alikuwa ameenda benki. Nilichukua mshale mweupe wa programu ya kuchorea, nikabonyeza ukingo wa umbo, nukta zake zikajitokeza zote. Kati ya nukta ya tisa na ya kumi nikaongeza mbili, nikazisukuma ndani mpaka mstari ukapita nyuma ya choo cha Mama na nyumba yake ikabaki nje. Mwanzoni kona zilikuwa kali, mtu angeshtuka. Nikavuta vishikio vidogo vinavyotoka kwenye nukta, nikaukunja mstari polepole, ukawa kama unafuata mto. Hakuna mto pale. Niliona fahari, niseme ukweli, niliona fahari sana. Ilinichukua dakika nne.

Floribert alikuja, akaitazama karatasi kwa mbali. "Propre, safi kabisa," alisema, akaikunja, akaipeleka kupigwa mihuri. Nami nikampigia Mama simu.

"Uko inje, Mama. Habatakugusa."

Alipiga vigelegele mpaka nikaondoa simu sikioni. Wiki ile alipanda mihogo mipya, akabadilisha bati la kutu. Majirani walipokuwa wanafunga vitu vyao kwa huzuni, yeye alikuwa juu ya ngazi na fundi, akiimba nyimbo za misa.

Mwezi wa tisa malori yalifika Kamalenge. Hayakuleta askari. Yalileta magodoro mapya na mwanamke mwenye orodha, yakawachukua watu wa ndani ya wekundu, familia baada ya familia, yakawapeleka kwenye nyumba za saruji zenye bomba la maji, kila familia na funguo zake. Wekundu ulikuwa wa wanaopewa nyumba! Shimo lenyewe la mgodi halikuwa na mstari wala rangi, kwa sababu shimo lilikuwa la kijiji kizima. Waliobaki nje ni wachimbaji wadogo wanaoishi katika vibanda vya plastiki, waliokuja baada ya kipimo, na mama yangu mkubwa na bati lake jipya.

Nilikimbia kwa Floribert.

"Nyumba yake haiko ku plan," alisema. "Plan iko na ma-cachet, mihuri yote."

"Plan niliichora miye. Nilikosea."

Alishusha sauti. "Ulikosea ao uliigusa?"

Hakungoja jibu.

"Sikia, Syntiche. Ukisema, njo miye nitaingia prison mbele yako, juu ya kusaini bila kuangalia. Nyamaza. Mama wako atapata mahali."

Nikanyamaza. Kosa la kwanza nililifanya kwa ujinga. Hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Siku tatu baadaye askari walikuja, na mashine nyuma yao. Mama alifika Makomeno na godoro, sufuria mbili na miguu imevimba. Alilala chumbani kwangu wiki mbili. Kila asubuhi aliwaambia majirani kwamba kampuni ni waongo, kwamba Syntiche alijaribu kumwokoa, kwamba asingekuwa na mtoto huyu angekufa. Kila aliponisifu nilitamani anipige.

Kisha siku moja mchana akaingia dukani amevaa kitenge cha kanisani. Alitaka kuandika malalamiko, na alitaka kwanza kuiona plan kwa macho yake. Muhindo, kwa heshima, akamletea kiti na kugeuza kioo cha kompyuta upande wake. Mama hajui kompyuta. Lakini anaijua ardhi yake. Alifuata mstari kwa kidole, taratibu, mpaka akafika pale.

"Huu mutoni gani? Hapa hakuna mutoni." Kidole hakikuondoka. "Nani alikata hapa?"

Muhindo akanitazama. Nadhani alikuwa ameshaelewa.

"Ni miye, Mama."

Nilimwambia yote: wekundu, misalaba ya milangoni, nukta mbili, na jinsi nilivyonyamaza wakati bado kulikuwa na siku tatu. Hakulia. Alikaa akiangalia kile kipande kilichokatwa, kama anayesoma barua.

"Ulikata muzuri," alisema mwishoni. "Sasa rudisha."

"Mama, haitasaidia kitu. Karatasi ilishasainiwa, na nyumba..."

"Rudisha."

Nikashika mshale. Nikabonyeza nukta ya kwanza, nikaifuta. Nikafuta ya pili. Mstari ukanyooka wenyewe kutoka nukta ya tisa hadi ya kumi, na lile paa, nusu bluu na nusu kutu, kama lilivyokuwa siku picha ilipopigwa, likaingia ndani ya wekundu.

"Sasa niko ndani?"

"Uko ndani, Mama."

"Basi unipe funguo."

Alinyoosha mkono, kiganja juu, mbele ya Muhindo na wateja wawili waliokuwa wameingia. Alingoja. Nilikaa na mikono yangu juu ya kompyuta, naye Mama hakuuondoa wake.